Betri Nne za Rimoti

Jumanne, 9 Julai 2024

Baridi ya leo haina adabu. Upepo unashuka kutoka mlima Hanang tangu alfajiri, vumbi la mashamba ya ngano limeingia hadi kwenye chai. Jioni wamekuja wachache kwenye darasa langu la Kiingereza cha biashara. Dereva wa kombaini yuko shambani, vibarua wako shambani, na siwalaumu. Ngano ikikauka haimngoji mtu.

Waliokuja wamenitosha. Nimekiweka kando kile kitabu cha barua za ofisini. Hapa Basotu nani anamwandikia nani? Nimewapa habari ya Nintendo. Kampuni ya Kyoto, Japani, imeanzishwa 1889, kazi yake kutengeneza karata. Karata! Leo gemu zake zinachezwa dunia nzima. Fundi simu akanyoosha mkono: walitokaje kwenye karata? Kwa Kiswahili. Nikamwambia swali zuri hilo, lilete kwa Kiingereza. Akakuna kichwa, akatazama dari, akalitoa: "How they go from cards to game?" Nikaliandika ubaoni jinsi lilivyotoka, tukalinyoosha wote, kila mtu ana lake la kusema. Muda wote ule kwa swali moja! Sijawahi kuwaona watu hawa wakigombania kitenzi.

Alhamisi ni zamu ya Yokoi, mtu wa Nintendo. Nalala nikimuwaza.

Alhamisi, 11 Julai

Gunpei Yokoi aliajiriwa Nintendo mwaka 1965 kutunza mitambo ya kutengenezea karata. Fundi tu. Kazi ikipungua anachezea vipande vya hiki na kile, mpaka akajitengenezea mkono unaojinyoosha na kujikunja, wa kushikia kitu kilicho mbali. Bosi mkubwa, Hiroshi Yamauchi, akamwona nao.

Hapo nikafunga karatasi. Makusudi. "What did the boss do?"

Kelele. Kafukuzwa. Kakatwa mshahara. Kapewa barua ya onyo. Binti aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana, yule asiyesema, akasema kwa sauti ndogo: "He took it." Kuna jambo limemfika mtoto huyu. Sijamuuliza.

Nilipowasomea kwamba bosi alimwambia augeuze mkono ule uwe bidhaa, ukatoka 1966 na kuuzwa zaidi ya milioni moja, kwanza wakanyamaza. Kisha mama wa samaki, yule anayeuza stendi: "The boss see money." Saw, mama. "The boss saw money." Akarudia, akarudia tena, na ya mwisho akapiga meza.

Nimerudi nyumbani sihisi baridi.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeitwa pembeni. Mtu mwenye cheo, sauti ya upole: mwalimu, nasikia watu wazima unawafundisha magemu? Nikasema ni Kiingereza cha biashara. Akasema biashara ni ankara, ni stakabadhi, ni barua. Nikaitikia kwa adabu. Ningefanyaje, mtu mzima, na shikamoo yangu ameshaipokea.

Majibu yanakuja sasa, usiku. Ankara inaandikwa mtu akishakubali kununua. Kabla yake kuna maneno: hiki ni nini, kitakufaa nini, kwa nini changu na si cha yule pale. Hayo ndiyo yanayowakwamisha watu wangu mgeni akisimama mbele yao. Salamu wanazijua, kuhesabu wanajua, halafu bidhaa wameishika mkononi na mdomo umefungwa. Ningemwambia hivyo.

Nitamwambia.

Jumamosi, 13 Julai

Nimepita kwenye kibanda cha gemu, pale nyuma ya mashine ya kusaga. Kijana mwenye kibanda ni mwanafunzi wangu, anakaa nyuma karibu na mlango, haongei. Leo kwake yeye ndiye mwalimu.

Televisheni ya chogo, mabenchi, watoto wamejifunika mashuka hadi masikioni, vidole tu ndivyo vinavyotembea. Shilingi mia mbili mechi. Mashine ni PlayStation 2 ya Sony, toleo la mwaka 2000 hilo. Kifuniko amekibana kwa mpira. Kijiti cha padi kimelika kwa vidole vya watoto, amekivika kipande cha tyubu ya baiskeli, duara kamili, kimekatwa kwa wembe. Nimekishika. Hakitelezi hata kidogo. Akanionyesha anavyosafisha jicho la kusomea sidii: pamba kwenye njiti ya kiberiti, tone la spiriti, taratibu kutoka katikati kwenda nje, pumzi ameibana.

Nikamuuliza mbona hanunui mpya. Akacheka. "Madam, mpya ikifa naipeleka wapi? Arusha? Hii ikifa naifufua hapa hapa, watoto hata hawajatoka." Spea anazitoa kwenye mashine zilizokufa, ananunua kwa bei ya chuma chakavu. Nikamwambia mashine hii iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, hakuna nyingine ya gemu iliyouzwa kuifikia. Hakushangaa.

"Ndiyo maana spea zipo."

Ndiyo maana spea zipo! Nimeandika kwenye kiganja, sikuwa na karatasi.

Jumanne, 16 Julai

Leo. Leo!

Game Boy, mashine ya gemu ya kushika mkononi. Nintendo, 1989, Yokoi na wenzake. Kioo cha kijani cha kufifia, hakina rangi, hakina taa. Betri nne ndogo, zile za rimoti. Mwaka uliofuata kampuni ya Sega ikatoa Game Gear: rangi, taa kwa ndani, inang'aa. Betri sita, na saa chache tu zimekwisha. Nikazichora zote mbili ubaoni. Utanunua ipi? Sema kwa Kiingereza, na useme kwa nini. Cheaper than, longer than, more beautiful than. Ndiyo sarufi ya leo, na sikuitaja hata kwa jina.

Mikono yote kwa Game Gear. Rangi! Nikawaacha wafurahi. Fundi simu ndiye aliyeanza kupiga hesabu ya betri pembeni ya daftari, kwa bei ya dukani hapa, jozi baada ya jozi, na uso ukaanza kubadilika.

Ndipo kijana wa gemu akasimama. Hakuitwa. Akasema kwa Kiingereza, neno moja moja, bila kutazama karatasi, kwamba mashine nzuri ni ile inayofanya kazi mpaka jioni. Kwamba yake imewazidi umri wateja wake. "Old is cheaper. Old is stronger. I know inside." Mama wa samaki akambishia: mteja ananunua kwa macho. Akajibiwa: "Customer likes to play. If it is dead, he goes home." Wakaenda hivyo wawili hao, hoja kwa hoja, mimi nimeegemea dirisha na chaki mkononi. Ile "I know inside" sijaigusa. Sitaigusa.

Mwisho nikawapa hesabu. Game Boy, pamoja na ndugu yake wa rangi aliyetoka 1998, zaidi ya milioni 118. Game Gear, milioni kumi hivi. Na msimamo wa Yokoi mwenyewe: chukua teknolojia iliyozeeka, iliyoshuka bei, inayojulikana na kila fundi, uitafutie kazi mpya. Kijana wa gemu aliinama akiandika mpaka taa zikazimwa.

Bado sina usingizi.

Jumatano, 17 Julai

Moyo mzito. Huenda ni hii Virtual Boy niliyoisoma usiku. Yokoi huyo huyo, 1995: kifaa cha kuchungulia kwa macho mawili, picha nyekundu gizani, watu wakalalamika kuumwa kichwa na macho. Hakikufika mbali sokoni. Mwaka 1996 akaondoka kwenye kampuni aliyoitumikia miaka 31. Mwaka 1997 akafa kwa ajali ya barabarani. Miaka 56 tu. Sikujua kama naweza kumlilia mtu wa Kyoto.

Niwaambie? Nitawaambia. Wakisikia tu vilivyouzika watadhani kukosa soko ni balaa lao peke yao. Na kuna kazi ya sarufi humo: did not sell, did not like, did not buy. Hawajaipata vizuri hata kidogo.

Maziwa yamekatika. Chai kavu.

Alhamisi, 18 Julai

Mzee aliyewahi kufanya kazi na Wakanada amekuja, na koti lake refu. Nilipanga tuzungumze habari ya bidhaa mpya inapoingia sokoni. Akasema hapa bidhaa mpya iliingia zamani: ngano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali kwa msaada wa Kanada, mpaka yakawa mashamba saba makubwa ya NAFCO, shirika la Serikali, matrekta na makombaini kutoka Kanada. Kiingereza chake kilianzia huko, gereji. "Bring the spanner. Not that one!" Lafudhi ya Kikanada kabisa, darasa likashangilia. Anasema mashine zilikuwa na nguvu ajabu, ila spea ikikosekana kazi inalala, na spea ni ya ng'ambo. Kijana wa gemu akanitazama. Nikajua anawaza nini.

Yule kijana wa Kibarabaig, anayefanya biashara ya mbuzi, alikuwa kimya muda wote. Kisha akauliza:

"Who was the customer?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea kwa Kiswahili, nami nikamwacha, yapo mambo hayasemeki kwa lugha ya kujifunza. Kwamba babu yake alichunga palepale palipolimwa. Kwamba malisho mazuri yalikuwa ndiyo yale. Kwamba trekta zilipita juu ya makaburi ya wazee. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO mwaka 1981, Mahakama Kuu ikakipa haki 1984, mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikatengua. Anayajua yote hayo, na kazaliwa miaka mingi baadaye. Mzee alimsikiliza kofia mkononi. Akasema taratibu, "Ni kweli, mwanangu. Mimi nilikuwa juu ya trekta."

Chaki nikaiweka chini. Muda ukaisha, mtu hakuondoka. Baadaye nikawaona nje, mzee na kijana, wamesimama kwenye upepo wanaongea. Sikuwasogelea.

Kitu kipya kinamfaa nani, na nani anakilipia kwa asichoulizwa. Mimi nilileta hadithi za betri, wao wameileta Basotu yenyewe mezani. Kuanzia sasa kila bidhaa nitakayowapa, ya Japani au ya sokoni hapa, nitaifungua kwa swali la kijana huyu. Na Kiingereza chake kilikuwa sahihi, kila neno mahali pake.

Jumapili, 21 Julai

Baada ya ibada nimejifungia na kishikwambi changu, naandaa ya Jumanne. Nimepata mfano wa nyumbani. Enuma: kampuni iliyoanzishwa na watu wa gemu, Sooinn Lee na mumewe, Wakorea, huko Marekani. Mtoto wao alizaliwa na ulemavu, wakaona ujuzi wao wa gemu wautumie kumfundishia hesabu. Baadaye ikaja Kitkit School, programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, kwa Kiswahili. Ilijaribiwa wapi? Tanga! Mashindano ya XPRIZE, wao na wenzao wanne: vijiji 170, watoto karibu elfu tatu, wengi hawajawahi kukanyaga shule, miezi kumi na mitano na vishikwambi vinavyochajiwa kwa sola. Mei 2019 wakatangazwa washindi wawili, wao na timu ya onebillion, dola milioni tano kila mmoja.

Sasa hili: bila mwalimu. Ndivyo mashindano yalivyopangwa, mtoto ajifunze mwenyewe. Kifua kilinibana niliposoma. Nikaenda uani, nikatandaza nguo, nikarudi kusoma tena. Nikakuta kwamba vijijini walikuwapo akina mama waliokabidhiwa kuangalia hivyo vifaa na chaji yake. Nikapumua. Nani aliyewaita watoto kwa majina? Nani aliyeamua ugomvi? Programu haifuti kamasi. Mama yule hakuitwa mwalimu, mimi nitamwita mwalimu.

Lakini nawaheshimu hao wa Enuma. Walimjua mteja wao kwanza: mtoto asiyejua herufi, hana umeme, hana wa kumwuliza. Wakatengeneza kutokea hapo.

Jumanne wanafunzi wangu wataleta vya kwao. Kila mtu na bidhaa yake, mbele ya darasa, aitetee. Naogopa kwa niaba yao.

Jumanne, 23 Julai

Mama wa samaki kasimama wa kwanza. Anasema siku zote hizi amekuwa stendi akiangalia abiria wa basi la Haydom badala ya kuangalia karai lake. Niliwahi kuwasimulia jinsi Yokoi alivyomwona mfanyakazi kwenye treni akibofyabofya kalkuleta kwa uchovu wa safari, na wazo la Game & Watch ya 1980 likaanzia hapo. Basi naye katafuta mtu wake wa treni. Kampata: mwanamke anakwenda hospitali Haydom kumwona mgonjwa. Ana njaa. Anawatazama perege, anatamani, anaitazama mikono yake, hanunui. Mafuta. Miiba. Atamshikaje mgonjwa?

Akafunua kapu. Minofu ya perege, miiba kaitoa yote, vipande vya urefu wa kidole, vimekaangwa vikakauka, ndani ya mfuko wa kaki, na kipande cha ndimu na vijiti viwili vya kuchokolea meno. Nikakichoma kimoja, nikakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Karatasi chini ilikuwa kavu. Akasema, kidole kimoja juu:

"My customer is going to the hospital. She is hungry. She has no water for her hands. I removed the bones. I removed the oil. You eat, you are clean."

Removed! Wakati uliopita, hakuna aliyemkumbusha.

Mzee: "How much?" One thousand. "Too much!" Akamjibu papo hapo, "The fish with bones is there," mkono umeelekea kwenye ndoo mlangoni. Darasa likavunjika mbavu. Mzee akatoa elfu yake. Yule wa mbuzi naye akatoa.

Wengine walikwenda harakaharaka. Fundi simu na karatasi yake ya dhamana ya mwezi mmoja, nzuri, Kiingereza cha kukariri. Dereva wa kombaini alikuja na vumbi lake, akasinzia kwenye kiti, na nikamwacha asinzie. Kijana wa gemu anataka kukodisha mashine kwa sherehe, pamoja na yeye mwenyewe ndani ya bei, maana bila yeye haitawaka. Hiyo kaitetea vizuri sana.

Halafu yule binti asiyesema. Kaleta begi la shule la kushona, kitambaa imara, mikanda miwili. Akaligeuza ndani nje. Kwenye pindo, uzi mwekundu, jina lake lote, herufi ndogo ndogo.

"I made it. My name is here."

Akakaa. Nilikuwa na la kumsahihisha? Sikuwa nalo.

Ijumaa, 26 Julai

Nimekwenda mwenyewe kwa yule mwenye cheo. Nimemwambia yote niliyoyaandika humu ile Ijumaa, na ya ziada. Nimemwambia mtu anajifunza lugha akiwa na kitu cha kukitetea, na kwamba kampuni ya gemu imewapa watu wa hapa hoja ambazo barua za ofisini hazikuwapa. Hakukubali, hakukataa. Anataka mpango wa masomo kwa maandishi kabla mwezi haujaisha. Ataupata, na swali la kijana wa Kibarabaig litakuwa kwenye mstari wa kwanza.

Nikapita stendi. Mifuko ya kaki ilikuwa imekwisha kabla ya saa tano. Mgeni mmoja wa kwenda Haydom, mzungu, kamuuliza miiba iko wapi, na mama kamjibu mwenyewe, hakumwita mtu wa kutafsiri. Ameniambia hilo akihesabu chenji, hata hakuinua macho.

Kitabu cha barua kinarudi kabatini. Jumanne tunaingia kwenye kupanga bei: gharama, faida, punguzo. Kila mtu aje na kalkuleta, hata ya kwenye simu.